Uso si sufuria: tahadhari kwa wanaopenda kusugua ngozi

NGOZI ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na uso ndio sehemu ya ngozi ambayo watu huiona hata kabla hujawasalimu. Si ajabu basi kwamba wakazi wa mijini hutumia pesa na wakati mwingi kuushughulikia. Kuna wanaousugua kwa sukari na chumvi ya jikoni, wanaoupaka maji ya ndimu, wanaokwenda saluni au kwa kinyozi kila Jumamosi, na siku hizi kuna vijana wanaonunua chupa ndogo za asidi baada ya kutazama video katika simu. Lengo la wote ni moja: kuondoa ngozi iliyokufa ili uso uwe laini, usio na chunusi wala madoa.

Lengo hilo halina ubaya. Lakini wengi wanaofika kwa daktari wakilalamikia madoa meusi usoni huwa wameyaleta kwa mikono yao wenyewe, wakijaribu kuondoa chunusi chache ambazo zingepona. Kisha, ili kuyafuta madoa hayo, hununua krimu iliyo hatari zaidi kuliko kusugua kwenyewe. Ningependa msomaji afahamu jinsi mnyororo huu unavyoanza, maana ukishafika pete ya tatu au ya nne ni kazi ngumu kuukata.

Ngozi hujiambua yenyewe

Chini ya tabaka la nje la ngozi huzaliwa seli mpya kila siku. Seli hizo hupanda juu polepole, zikisukumwa na zile zinazozaliwa nyuma yake, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyokuwa bapa na kukauka hadi zikafa. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne kwa kijana, na huzidi kuwa ndefu kadiri umri unavyosonga. Zinapofika juu hujipanga safu kwa safu, kiasi cha safu 15 hadi 20, zikiwa zimeshikamanishwa na mafuta maalumu kama matofali yaliyojengwa kwa saruji. Ukuta huu ni mwembamba kuliko karatasi ya gazeti, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasipotee na viini vya maradhi visiingie.

Seli za juu kabisa hupukutika zenyewe, maelfu kwa maelfu, unapooga, unapojifuta kwa taulo, hata unapolala. Mtu mwenye afya njema ambaye hajawahi kusugua uso wake maishani hana lundo la ngozi kuukuu linalomngoja. Kusugua ni kuharakisha tu kazi ambayo mwili unaifanya. Faida yake ipo, hasa kwa mwenye ngozi ya mafuta au kwa mtu aliyepita miaka 40 ambaye uso wake umeanza kupoteza mng'ao, lakini ni faida ndogo na si ya lazima kwa kila mtu.

Jambo jingine linalowashangaza wagonjwa wengi ni kwamba chunusi haziletwi na uchafu. Kijitundu cha nywele huzibwa na mafuta ya ngozi yaliyochanganyika na seli zilizokufa, bakteria wakaongezeka humo ndani, na ngozi ikavimba kwa kupambana nao. Hata zile nukta nyeusi za puani si vumbi la barabarani. Ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyogeuka vyeusi baada ya kukutana na hewa. Kwa hiyo anayezisugua kwa nguvu akidhani anaosha uchafu anaumiza bure kidonda ambacho tayari kimevimba kwa ndani.

Kwa nini madoa hutukaa sisi

Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana kati ya Mwafrika na Mzungu. Tofauti kubwa ni bidii yake kazini. Zetu hufanya kazi nyingi zaidi, na hiyo ni baraka, kwa sababu melanini hutukinga dhidi ya jua. Lakini seli hizo zina tabia moja: zikisumbuliwa, humwaga rangi. Iwe ni chunusi, wembe, maji moto au chembe za chumvi, jeraha lolote linalovimbisha ngozi nyeusi linaweza kuacha doa jeusi likishapona.

Mzungu akisugua uso kupita kiasi huwa mwekundu, na aghalabu baada ya siku chache amesahau. Wewe ukifanya vivyo hivyo, wekundu hauonekani, kwa hiyo hujui kwamba umejiumiza. Unaloliona ni doa, wiki mbili au tatu baadaye. Doa lililo katika tabaka la juu huchukua miezi kadhaa kufifia. Rangi ikidondokea tabaka la chini, doa huwa la kijivu au samawati na laweza kukaa miaka. Ndiyo sababu ushauri mwingi wa urembo kutoka ng'ambo haufai kufuatwa hapa bila kufikiri. Uliandikiwa ngozi nyingine.

Vitu vya jikoni ndivyo vinavyoongoza kwa madhara. Chembe za sukari na chumvi zina ncha kali ambazo hukwaruza uso, ingawa kwenye nyayo hazina neno. Ndimu ni asidi kali mno kwa uso, na ina kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi. Soda ya kuokea huvuruga asidi ya kiasi ambayo ni sehemu ya ulinzi wa ngozi. Dawa ya meno ni ya meno.

Singo la Pwani, kinyozi wa mjini

Hapa lazima nitaje desturi moja ambayo naiheshimu. Waswahili wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walijua kusugua ngozi zamani, kabla ya kampuni yoyote kutuuzia mkebe. Bibi harusi husuguliwa singo, mchanganyiko wa liwa, maua na viungo vyenye manukato uliosagwa pamoja, na kazi hiyo hufanywa taratibu na mkono wa mwanamke aliyebobea. Singo lililosagwa laini halina madhara makubwa kwa mwili. Kwa uso ningeshauri tahadhari, hasa likiwa na karafuu, kwa kuwa mafuta ya karafuu huweza kuwasha na kuleta mzio. Liwa tupu iliyosagwa ikawa laini kama uji, ikapakwa na kuoshwa bila kusugua, haina tatizo kwa watu wengi. Tena angalia kwamba bibi harusi hufanyiwa hayo kwa ajili ya arusi, si kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Wanaume nao wasijione hawahusiki. Katika vinyozi vya mijini imekuwa kawaida mteja akishanyolewa kusuguliwa uso kwa krimu yenye chembechembe, kisha kufunikwa taulo la moto na kukandwa. Raha yake naielewa. Lakini wembe au mashine imetoka kupita hapo sasa hivi, na imeacha mikwaruzo ambayo huioni kwa macho. Nywele zetu zilizojikunja hukatwa zikawa na ncha kama ya sindano, na nyingine hurudi kuchoma ngozi zinapoota. Hapo ndipo vinapotokea vile vipele vya shingoni na kidevuni. Ukivisugua siku hiyo hiyo ya kunyolewa, kilichokuwa kipele kidogo hugeuka jipu au doa. Zaidi ya hayo, sponji au taulo likipita uso mmoja hadi mwingine bila kusafishwa, hubeba usaha, choa na hata chunjua. Ukitaka kusuguliwa, nenda siku mbili au tatu baada ya kunyolewa, na umwombe kinyozi atumie taulo lako mwenyewe. Kinyozi mzuri hatakasirika.

Namna iliyo salama

Kama ngozi yako ni nzima na ungependa kuondoa seli zilizokufa, mara moja kwa wiki inatosha kwa watu wengi, na mara mbili kwa mwenye ngozi ya mafuta. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni isiyo kali. Sabuni nyingi za mche hukausha uso. Ile ya kufulia isikaribie kabisa. Kisha tumia kitambaa laini cha pamba kilicholowa, ukizungusha vidole polepole kwa nusu dakika hivi, bila kukandamiza. Dodoki liache lihudumie mgongo na miguu. Suuza, jikaushe kwa kugusagusa taulo badala ya kufuta, na ujipake mafuta au losheni isiyo na manukato ngozi ingali na unyevu. Hiyo ndiyo njia yenyewe yote, na kitambaa cha pamba hakikugharimu kitu.

Kuna njia ya pili, ile ya asidi hafifu, na kwa mwenye chunusi mara nyingi ni bora kuliko kusugua. Maneno 'asidi usoni' huwatisha watu, na ni vizuri yawatishe kidogo, lakini asidi hizi hazichomi zikitumiwa kwa kipimo chake. Zinalegeza ile saruji inayoshikamanisha seli zilizokufa, nazo zikaachia. Asidi ya salisili ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huingia hadi ndani ya kijitundu kilichoziba. Asiyepatana na aspirini asiiguse bila kumwuliza daktari, kwani ni jamaa wa karibu. Asidi ya laktiki, ile ile inayochachusha maziwa lala, huifaa ngozi kavu. Asidi ya glaikoli ina nguvu zaidi, na bidhaa ya kutumia nyumbani haipaswi kuzidi asilimia 10. Anza na asilimia 5, mara moja kwa wiki, usiku.

Usichanganye. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vijana wengi sasa wana chupa nne au tano mezani, na huzipaka zote usiku mmoja. Ukichagua asidi, acha kusugua. Jaribu bidhaa mpya kwanza nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono kwa siku tatu au nne. Mwasho kidogo unaokwisha baada ya dakika moja si neno. Ukiendelea, au ngozi ikianza kubanduka, ioshe na usiirudie. Zile asidi kali za kubandua uso ambazo baadhi ya saluni huzitangaza ni za daktari wa ngozi peke yake. Kwa ngozi nyeusi, kosa moja tu huacha alama ya muda mrefu.

Baada ya kuondoa seli za juu, ngozi hupoteza sehemu ya kinga yake dhidi ya jua. Nairobi iko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayounguza huongezeka kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ubaridi wa Julai unadanganya: huhisi joto, lakini mionzi ingalipo. Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga ya asili, lakini haitoshi kuzuia doa lisizidi kuwa jeusi. Tumia krimu ya kukinga jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi kila asubuhi. Mwenye madoa atafute ile iliyotiwa rangi, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida ambao hukoleza madoa katika ngozi yetu. Ukilazimika kuchagua kati ya kununua asidi na kununua kinga ya jua, nunua kinga ya jua.

Krimu inayong'arisha kwa wiki moja

Sasa tufikie ile pete ya tatu ya mnyororo. Msichana amesugua chunusi zake, zimeacha madoa, na rafiki anamwelekeza kwenye kibanda kinachouza krimu ya kuondoa madoa. Haina orodha ya vilivyomo, au ni mchanganyiko uliokorogwa papo hapo na kutiwa katika kikopo cheupe, ule ambao wenzetu wa Tanzania huuita mkorogo. Anajipaka, na baada ya wiki moja uso unang'aa. Hakuna krimu halali inayofanya hivyo kwa wiki moja. Ukiona imefanya, jiulize ndani yake kuna nini.

Mara nyingi ni kimojawapo kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni steroidi kali, kama vile klobetasoli na betamethasoni, dawa ambazo daktari huandika kwa magonjwa fulani ya ngozi na kwa siku zinazohesabika. Zikitumiwa usoni miezi na miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, chunusi huzuka upya kwa wingi, nywele huota mashavuni, na choa huenea chinichini bila kutambulika. Hata vidonda hukawia kupona, jambo ambalo mama anayejifungua kwa upasuaji huja kuligundua wakati mbaya.

Cha pili ni haidrokwinoni. Daktari wa ngozi huweza kuitumia kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Nje ya hapo huleta mkasa wa ajabu: mashavu yaliyokuwa yakitafuta weupe hugeuka meusi yenye samawati, na ngozi kukwaruka kama imemwagiwa mchanga. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza hali hiyo tangu mwaka wa 1975, na hadi leo kuitibu ni vigumu sana.

Cha tatu ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na kumfikia mtoto aliye tumboni. Hata asiyejipaka huweza kuipata kupitia taulo na mito ya kulalia. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998. Mwaka wa 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliafikiana mjini Geneva kwamba baada ya 2025 kusitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Sheria zipo, na krimu bado zipo sokoni.

Kwa hiyo soma kibandiko. Maneno ya kuogopa, kama yanavyochapishwa kwa Kiingereza, ni Mercury, Calomel, Hydroquinone, Clobetasol na Betamethasone. Ipo pia dalili moja ambayo wengi hawaijui: maelezo yakikuonya usiguse dhahabu, fedha au vito vingine ukiwa umejipaka, shuku zebaki. Tafuta alama ya ubora ya shirika la KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini yake unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwa 20023 ukajua kama ni ya kweli. Kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuharibika, kiache hapo kilipo hata kama muuzaji ni jirani yako.

Maneno mengine kwenye vibandiko hayana uzito. 'Asilia' hakumaanishi salama, kwani upupu nao ni wa asili. 'Imepimwa na wataalamu wa ngozi' hakutuelezi wataalamu hao waliona nini. Lililo na maana kidogo kwa mwenye chunusi ni lile linalosema bidhaa haizibi vijitundu. Na kabla ya kulaumu losheni, chunguza mafuta ya nywele: chunusi zilizojipanga kwenye paji la uso karibu na nywele mara nyingi hutokana na mafuta mazito yanayoshuka kutoka kichwani. Hizo huisha ukibadilisha mafuta, bila kusugua wala krimu.

Nani asisugue kabisa

Mwenye ukurutu, chunusi zenye usaha, malengelenge, au kidonda chochote usoni asisugue wala kupaka asidi. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake inahitaji kinga kabla ya kitu kingine chochote. Mama mjamzito anayeona mabaka ya kahawia mashavuni ajue ni mabadiliko ya homoni na hayatatoka kwa kusuguliwa. Pia aepuke krimu za jamii ya vitamini A zinazouzwa kwa ajili ya chunusi na mikunjo, na amwulize daktari zinazomfaa.

Muone daktari iwapo chunusi zinaacha mashimo, doa linakua, linatoka damu au lina kingo zisizo sawa, au kama miezi mitatu ya utunzaji wa upole haijaleta nafuu. Zipo dawa zinazotibu chunusi na madoa kwa pamoja bila kuichubua ngozi, asidi ya azelaiki ikiwa mojawapo, na zinafanya kazi kwa miezi, si kwa siku.

Na kama umekuwa ukitumia krimu ya kung'arisha kwa muda mrefu, usiiache ghafla ukiwa peke yako. Ikiwa ilikuwa na steroidi, uso huweza kuvimba, kuwasha na kuungua kuliko ulivyokuwa mwanzo, na wengi hapo huirudia kwa hofu. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Unapokwenda, tia katika mfuko kila tyubu, sabuni na kikopo unachotumia, pamoja na vile visivyo na jina na vile unavyoona haya kuvitoa, ili ajue anapambana na nini.